Utamu wa Gari Ndogo ya Mbio Hauko Kwenye Mbio

Kila inapopita gari ndogo yenye rimu pana na ekzosi mbili, swali hili halikosekani kwenye mabaraza ya Chake Chake na Wete: "Yakhe, hii na Toyota IST zina tofauti gani?" Ni swali la haki. Zote mbili zina milango mitano, zote zinapakia familia ileile, zote zinapita kwenye uchochoro uleule. Kisiwa chenyewe cha Pemba kina urefu wa kama kilomita 67, na kutoka Mkoani hadi Konde huendi mbali kabla ya kukuta tuta, ng'ombe au watoto wanaotoka skuli. Sasa mtu anayelipa zaidi kwa gari ya mbio, katika kisiwa kisichokuwa na pa kuikimbizia, anapata nini?

Mimi naamini anapata kitu cha kweli, na naamini Pemba, kwa vilima na kona zake, inakionyesha kitu hicho vizuri kuliko barabara pana zilizonyooka. Ila kwanza tutenganishe mambo ambayo tumezoea kuyatia kapu moja: kasi, nguvu na wepesi. Gari yenye nguvu si lazima iwe nyepesi, na gari inayoweza kufika kilomita 200 kwa saa inaweza kumchosha dereva wake kabla hajamaliza kona ya pili.

Gari tunayoizungumza ni ile ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo, na ambayo kiwanda kimeitoa kwa sura mbili. Iko ya kawaida, ya kwendea sokoni na kazini. Halafu iko ya pili, ya bodi ileile, iliyotiwa injini kali zaidi, springi ngumu zaidi, breki kubwa zaidi na viti vinavyombana dereva ubavuni asiteleze kwenye kona. Suzuki Swift ni ya kawaida. Suzuki Swift Sport ni hiyo ya pili. Toyota Vitz ilikuwa na RS yake, Honda Fit na RS yake, na Honda Civic imekuwa na Type R tangu mwaka 1997.

Ulaya ndiko mtindo huu ulikokomaa. Ziliwahi kutoka gari kama Autobianchi A112 Abarth ya Italia, mwaka 1971, lakini iliyoufanya ujulikane dunia nzima ni Volkswagen Golf GTI. Mwaka 1973 mhandisi mmoja wa kampuni hiyo, Alfons Löwenberg, aliwaandikia wenzake akipendekeza gari ya kimichezo, na kikundi kidogo cha wafanyakazi kikaishughulikia pembeni kabla haijawa kazi rasmi. Ikaonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, ikaanza kuuzwa 1976. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 110, na gari nzima ilikuwa na uzito wa kilo 810 tu. Viti vyake vilivikwa kitambaa cha miraba, na kirungu cha gia kikapewa umbo la mpira wa gofu. Vyote viwili vilibuniwa na Gunhild Liljequist. Kampuni ilipanga kutengeneza gari 5,000. Toleo la kwanza peke yake likapindukia 450,000.

Nguvu za farasi 110 hazikuwa nyingi hata kwa wakati ule. Gari iliuzika kwa kuwa ilimfaa mtu mwenye gari moja. Gari za mbio za zamani zilikuwa na viti viwili na buti la kutia mkoba. Mwenye kuzimiliki alihitaji gari nyengine ya familia, na watu wa namna hiyo ni wachache popote ulimwenguni. Golf ilipeleka watoto skuli asubuhi, ikabeba mizigo mchana, na jioni ikampa mwenyewe raha ya kuendesha. Hali hiyo sisi tunaijua vizuri. Nyumba nyingi za Pemba zenye gari zina moja tu, na hiyo moja ndiyo inayokwenda hospitali, harusini, shamba na bandarini. Swift Sport ya mwaka 2017 ina buti la lita 265, na ukilaza viti vya nyuma unapata nafasi ya magunia ya karafuu. Gari ya mbio ya viti viwili ingekufanyia nini msimu wa mavuno?

Tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu husoma nguvu za farasi akadhani amejua gari. Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uigawe kwa uzito. Golf ya 1976, kwa nguvu zake 110 na kilo 810, ilikuwa na kama nguvu 136 kwa kila tani. IST ya kwanza yenye injini ya lita 1.5 ina nguvu 109, lakini uzito wake unapita tani moja kidogo, kwa hiyo inabakiwa na kama 105 kwa tani. Swift Sport ya 2017, ile ya Japani yenye gia za mkono, ina nguvu 140 kwa kilo 970, nayo hiyo ni kama 144 kwa tani. Imetoka zaidi ya miaka 40 baada ya Golf, na ndani yake mna mifuko ya hewa, kiyoyozi na kompyuta ambazo Golf haikuwa nazo, lakini uwiano umebaki karibu uleule. Waliotengeneza Swift walijua wanachokitafuta.

Na uzito hauhusu kuondoka kwa kishindo tu. Kilo zikipungua, breki zina kazi ndogo zaidi, mipira inalika polepole, na usukani unaitika mapema. Ndiyo maana, baina ya gari mbili zenye uwiano sawa, mimi huichukua iliyo nyepesi.

Kitu cha pili kinachozitofautisha gari za kisasa ni tabo. Mafundi wetu wanaijua kutoka kwenye gari za dizeli, lakini ndani ya injini ndogo ya petroli imebadilisha mambo mengi. Tabo ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha ya kwanza. Ya pili, kwa kuwa imefungwa kwenye mhimili huohuo, huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo inaongezwa, na mripuko unakuwa mkubwa kuliko ambao injini ya ukubwa ule ingeweza kuutoa kwa pumzi yake yenyewe.

Faida yake kwetu haiko kwenye namba ya mwisho ya kasi. Iko kwenye nguvu ya kuzungusha magurudumu, na wakati inapopatikana. Injini ya IST ya lita 1.5 hutoa nyutoni-mita 141 (ndicho kipimo cha nguvu hiyo), na lazima ifike mizunguko 4,200 kwa dakika ndipo izitoe zote. Swift Sport ya 2017, kwa injini ya lita 1.4, hutoa 230 kuanzia mizunguko 2,500. Shuka bandarini Mkoani na abiria wanne na mizigo yao, kisha upande kile kilima cha kuelekea mjini. Gari ya kwanza itakutaka ushushe gia na uikanyage mpaka ilie. Ya pili inapanda kwa sauti ya kawaida, na mguu wako haujafika nusu ya pedeli. Huko si kukimbia. Gari zote mbili zinaweza kuwa kwenye mwendo wa kilomita 35 kwa saa. Tofauti ni kwamba moja inahangaika na nyengine haihangaiki, na dereva anaisikia tofauti hiyo kwenye kiti chake.

Wako wanaozipenda Swift Sport za zamani zaidi, za 2005 na 2011, zenye injini ya lita 1.6 isiyo na tabo, nguvu 125 na 136. Nawaelewa. Injini ile inakupa nguvu kwa kadiri unavyoipandisha, na mtu anayependa kubadilisha gia kwa mkono hupata furaha ya kuingoja. Kwa vilima vyetu naichagua ya tabo, lakini sitabishana na mwenye mapenzi na ile nyengine.

Sasa kona. Karibu gari zote za aina hii huvutwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo mawili yana kazi ya kuvuta gari, kuielekeza, na kubeba sehemu kubwa ya breki. Mpira una kiasi chake cha kuishika barabara, na kiasi hicho ni kimoja kwa kazi zote: ukikimaliza kwenye kuvuta, hakibaki cha kukata kona. Dereva anayekanyaga mafuta katikati ya kona huona pua ya gari inakwenda nje, upande wa mtaro, ingawa usukani ameukata vya kutosha. Gari haijamwasi. Ameitaka mipira ifanye kazi mbili kwa nguvu ya moja.

Kisha uko uzito unaohama. Abiria wa daladala wanalijua jambo hili kwa viungo vyao: dereva akigusa breki, wote wanainamia mbele. Uzito wa gari nao huinamia mbele, ukaikandamiza mipira ya mbele kwenye lami na kuipunguzia mzigo ya nyuma. Dereva anayejua hilo hupunguza mwendo kabla ya kona, gari ikiwa bado imenyooka, na huanza kuukata usukani huku akiachia breki taratibu, wakati mipira ya mbele bado imekandamizwa na inashika vizuri. Gari inajikunja kuingia ndani bila ya kubishana. Usukani ukianza kurudi, ndipo mafuta yanapoongezwa. Kwenye gari ya kawaida yenye springi laini, mambo haya yote hutokea kwa kuchelewa, bodi ikiyumba huku na huku, na dereva hapati habari mpaka mambo yamekwishapita. Springi na shokapu ngumu za gari ya mbio hufupisha kuyumba huko. Habari inafika mkononi na mgongoni papo hapo. Ukiniuliza gari hizi zinauza nini, nitakwambia zinauza hayo mawasiliano.

Upande wa pili wa wepesi wa nyuma ni hatari, na lazima usemwe. Mtu akiingia kwenye kona kwa mwendo mkubwa, akashtuka na kuondoa mguu ghafla kwenye mafuta, uzito wote hukimbilia mbele, na matako ya gari, yaliyobaki mepesi, yanaweza kuteleza na kutaka kuitangulia pua. Peugeot 205 GTI ya mwaka 1984, moja ya gari zilizopendwa mno Ulaya, ilijulikana kwa tabia hiyo. Gari za kisasa zina mfumo wa kompyuta unaohisi mtelezo na kukamata breki ya gurudumu moja peke yake ili kuinyoosha gari. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa gari zote mpya kuanzia Novemba 2014. Kwenye dashibodi iko taa yake yenye picha ya gari inayoacha michirizi. Usinunue gari ambayo taa hiyo inawaka muda wote, wala usiukubali ushauri wa kuuzima mfumo huo. Masika mvua ikishusha udongo mwekundu barabarani, huo ndio unaomrudisha mtu nyumbani.

Nilisema Pemba inaonyesha utamu huu vizuri, na hesabu yake si ngumu. Nguvu inayokusukuma pembeni kwenye kona hutokana na mambo mawili: mwendo wako, na ukali wa kona. Chukua kona ambayo duara lake lina mita 40 kutoka katikati hadi ukingoni. Ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, unasukumwa kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anasukumwa na kama kilo 34. Mwili mzima unaijua. Kwenye barabara kuu iliyonyooka unaweza kwenda kilomita 120 usihisi chochote, ukasinzia. Kwa hiyo mwenye kutafuta hisia ya gari hana haja ya kasi kubwa. Ana haja ya kona, na kona tunazo. Barabara inayotoka Konde na kupenya msitu wa Ngezi, chini ya miti mirefu, inatosha kumfundisha mtu uzuri wa usukani kwa mwendo ambao baiskeli ya mbio ingeufikia.

Mwendo ukiongezeka, hesabu hiyohiyo inageuka adui, maana nguvu hukua kwa mraba. Kutoka kilomita 60 hadi 80 ni ongezeko la theluthi moja kwenye mshale, lakini masafa ya kusimama kwa breki yanakaribia kuzidi mara 1.8. Msimu wa karafuu majamvi yanatandikwa hadi ukingoni mwa lami, na mtoto anayezigeuza ana mgongo wake barabarani. Gari nzuri haimpi mtu haki ya kupita hapo kwa fujo. Raha ninayoieleza haiihitaji hiyo kasi, na mwenye kuihitaji hajaielewa gari yake.

Kwa sababu hiyo pia sioni haja ya kuitamani gari ya kileleni. Toyota GR Yaris ya 2020 ni kazi ya uhandisi inayostahiki heshima zote: silinda tatu, lita 1.6, nguvu 272 kwa toleo la Japani, magurudumu yote manne yanavuta, paa la nyuzi za kaboni. Ilizaliwa kutokana na mashindano ya rali ya dunia. Lakini kwenye barabara zetu utaitumia robo ya uwezo wake, na robo hiyo Swift Sport inakupa yote kwa bei ndogo.

Sehemu ngumu ya kuimiliki gari hii Pemba ni mipira. Zisome namba zilizo ubavuni mwake. Swift Sport ya 2017 ilitoka kiwandani na 195/45R17: upana wa milimita 195, na kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 88. IST ya kwanza ina 185/65R15, ambayo ni milimita 120. Tofauti ya sentimita tatu hivi inaonekana ndogo mpaka ukute shimo lililofichwa na maji. Mpira mfupi ubavuni haupindiki kwenye kona, na ndiyo raha yenyewe, lakini shimo likiupiga hauna nyama ya kulainisha pigo, na rimu inapasuka au kupinda. Chini ya gari nako nafasi ni sentimita 12 tu, kwa hiyo matuta mengine lazima uyapande kwa mshazari na polepole. Wako wanaobadilisha na kutia rimu za inchi 16 zenye mpira wa ubavu mrefu kidogo. Wanapoteza ukali kiasi, wanapata utulivu. Kwa anayekaa kijiji chenye barabara ya kifusi, mimi nakubaliana nao kabisa.

Chumvi ni adui wa pili. Gari iliyotoka sehemu za Japani zenye theluji imekwishamwagiwa chumvi ya barabarani, na hapa inakutana na upepo wa bahari kutoka pande zote. Lala chini na taa, uangalie mihimili, mabomba ya breki na sehemu zinapofungwa shokapu. Rangi inayong'ara juu haikuambii kitu.

Na petroli nayo. Swift Sport ya Japani yenye tabo imeandikiwa kutumia petroli ya daraja la juu. Injini ikipewa ya chini, kompyuta huhisi mgongano ndani ya silinda na kuichelewesha cheche inayowasha petroli, na sehemu ya nguvu uliyoinunua inapotea. Oili isicheleweshwe, kwa sababu mhimili wa tabo unazunguka kwa kasi kubwa sana ndani ya joto kali na hauna kinga nyengine isipokuwa hiyo oili.

Limebaki suala la mapambo, ambalo limewatia hasara vijana wengi. Bampa, bawa la nyuma na kibandiko chekundu vinauzwa dukani, na gari ya kawaida inaweza kuvikwa vyote hivyo kwa siku moja. Hata viwanda vyenyewe huchanganya watu: Swift RS si Swift Sport, ingawa zinafanana na zote zinavutia. Angalia kibati cha namba ya bodi. Swift Sport huanza na ZC31S, ZC32S au ZC33S kulingana na toleo; ukikuta ZC72S au ZC83S, umeuziwa sura. Chungulia pia magurudumu ya nyuma, maana Swift Sport ya kweli ina breki za diski huko.

Ukishajiridhisha na hayo, iendeshe. Muombe mwenyewe kwa heshima mwende pamoja kwenye barabara yenye kona, wakati usiokuwa wa skuli, na usizidi kilomita 40. Usikilize usukani kama unarudi wenyewe katikati baada ya kona. Gusa breki njia ikiwa imenyooka, uone kama gari inavuta upande mmoja. Pita juu ya kibonde kidogo: inapaswa kupiga mara moja na kutulia, ikiendelea kuchezacheza, shokapu zimekwisha, na zake haziuzwi kwa bei ya za Swift ya kawaida. Mkirudi, omba kuona karatasi ya mnada ya Japani. Alama ya R au RA maana yake gari iliwahi kuumia na kutengenezwa, na kwa gari ambayo thamani yake imo kwenye unyoofu wa bodi na magurudumu, hiyo ni sababu ya kuanza upya mazungumzo ya bei, au kumuaga mwenyewe kwa wema na kuendelea kutafuta.